Ndugu wa Utah anakaa West Valley: habari ya mji wa pembeni na hesabu zake

Huko Uvira, Baraka, Fizi ao Bukavu, familia nyingi ziko na mtu “Amerika”. Alitoka kambi ya Nyarugusu ao Nakivale, akapanda ndege pamoja na watoto, na tangu siku ile jina linalobaki mdomoni ni moja tu: Amerika. Mwezi wa kwanza alituma picha ya theluji. Mwezi wa tatu alituma dola 50. Kisha kikatokea kilio, watu wakachanga kwa ajili ya matanga, akapigiwa simu, akajibu kwamba hana kitu. Hapo maneno huanza: “Iko Amerika, anashindwa aje kupata dola mia? Ule amesahau kwao.”

Pengine amesahau kweli, watu wa namna hiyo wako. Lakini mara nyingi jibu liko fasi ingine: kwenye mji anaokaa, na vile mji huo unavyokula mshahara.

Mfano mzuri ni West Valley City, katika jimbo la Utah, upande wa magharibi wa Marekani. Wakongomani waliopelekwa Utah kama wakimbizi wanakaa zaidi katika wilaya ya Salt Lake, na West Valley ni moja ya miji ambako utasikia Kiswahili dukani, kwenye parking na kanisani. Marekani iko na majimbo 50, na kila jimbo liko na makao yake makuu, sawasawa na vile Kivu ya Kusini iko na Bukavu. Salt Lake City ndiyo Bukavu ya Utah: huko kuna gavana, bunge la jimbo, ofisi kubwa na nyumba za ghorofa. West Valley iko kusini-magharibi yake, umbali wa kilomita kama 15.

Kulingana na hesabu ya watu ya mwaka 2020, makao makuu yenyewe yalikuwa na watu karibu 200,000, na West Valley karibu 140,000. Ndio mji wa pili kwa ukubwa katika Utah. Kwa mtu wa Goma hiyo yote miwili ni miji midogo, na angecheka kusikia unaitwa wa pili.

Watu wa huku wangesema kwamba West Valley ni komini ya Salt Lake City, kama Kadutu kwa Bukavu. Hapana. West Valley ni mji kamili, uko na meya wake, baraza lake, polisi wake na bajeti yake. Zamani ilikuwa mashamba na vijiji, na mwaka 1980 wakaaji walipiga kura ya kuviunganisha. Waliopinga hawakutulia: mwaka ule ule walileta kura ingine ya kuvunja mji mpya, wakashindwa. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi Salt Lake City, kupeleka mtoto kliniki katika mji wa tatu, na kulala West Valley, na kote huko barabara ni moja tu bila kizuizi wala bariere. Tofauti ataiona siku ya kulipa faini ao ya kupiga kura.

Kwa nini watu wetu wanafikia huko badala ya katikati ya makao makuu? Sababu ya kwanza ni nyumba. Pembeni kuna majengo ya zamani kidogo ya kupangisha, bei yake ni afadhali kuliko katikati ya mji. Sababu ya pili ni kazi: upande wa magharibi wa bonde lile umejaa depo za bidhaa, viwanda na makampuni ya usafirishaji, na uwanja wa ndege hauko mbali. Kazi ya kupanga makatoni, kufunga nyama ao kusafisha haiulizi Kiingereza kingi. Sababu ya tatu kila mtu anaijua: anayefika anafuata aliyetangulia. Wakongomani hawakuwa wa kwanza. Karibu watu wanne kwa kumi huko ni wa asili ya Amerika ya Kilatini, na kuna wengi kutoka visiwa vya Tonga na Samoa, na kutoka Vietnam. Mgeni huko si kitu cha ajabu.

Anwani zao zinaweza kumshangaza mtu wa kwetu, ambako nyumba inaelekezwa kwa kusema “nyuma ya kanisa, karibu na kwa mama wa makala.” Katika bonde la Salt Lake barabara nyingi hazina jina, ziko na namba tu. Hesabu inaanzia kwenye hekalu la Wamormoni katikati ya Salt Lake City: hapo ni sifuri. Barabara inayoitwa 3500 South iko mitaa 35 kusini ya hekalu, na 2700 West iko mitaa 27 magharibi yake. Mtu akikuambia anakaa karibu na njia panda ya 3500 South na 2700 West, amekwisha kukuonyesha fasi kamili bila ramani. Mkimbizi asiyejua kusoma vizuri, lakini anayejua namba, anaweza kufika. Ni jambo moja ambalo huko limekuwa rahisi kuliko huku.

Lakini kufika kwa miguu ni habari ingine. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya gari. Duka liko upande mmoja, shule upande mwingine, kazi kilomita 12 mbele, na kati yao barabara pana yenye mistari sita ao saba. Taksi moto hakuna. Kuna treni ya umeme ya mji, mstari wa kijani, inayotoka West Valley, kupita katikati ya Salt Lake City mpaka uwanja wa ndege, na kuna mabasi. Kwa mwenye kazi ya mchana karibu na mstari huo, inasaidia sana. Kwa mwenye kazi ya usiku kwenye depo, ile inayoanza saa nne ao inayoisha saa tisa za usiku, basi hazimfai. Ndiyo sababu deni la kwanza la familia nyingi ni gari la okazyo. Na gari haliji peke yake: kuna permi, asiransi ambayo sheria inalazimisha, mafuta, matairi, na kiti cha mtoto, kwa sababu Utah inadai mtoto wa chini ya miaka 8 akae kwenye kiti chake maalumu, isipokuwa awe amefikia urefu wa kama sentimita 145.

Sasa hesabu yenyewe. Mfano wa mama aliye na watoto wanne, anayelipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa juma. Mshahara wa chini kabisa wa sheria katika Utah ni dola 7.25 tu, lakini depo hulipa zaidi, kwa hiyo 18 si ndoto. Kwa mwezi inafika dola 3,120. Ukisikia namba hiyo Uvira, unaona tajiri. Lakini kabla pesa haijafika mkononi, asilimia 7.65 imekwisha kukatwa kwa ajili ya pensheni na matibabu ya wazee, kisha inakuja kodi ya serikali kuu na kodi ya jimbo. Ikibaki kama 2,700, nyumba ya vyumba viwili vya kulala inaweza kuchukua 1,500. Zimebaki 1,200. Gari na asiransi yake na mafuta, 450. Umeme, gaz ya kupasha nyumba joto, simu na intaneti, 250. Zinabaki 500 za kulisha watu watano mwezi mzima, kuvalisha watoto kwa baridi, na kulipa deni la ndege.

Deni la ndege, ndiyo. Wengi huku hawajui kwamba tiketi haikuwa zawadi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, linamkopesha mkimbizi nauli ya familia yote. Deni halina riba, lakini ni deni: linaanza kulipwa karibu miezi sita baada ya kufika, kidogo kidogo kila mwezi. Asiyelipa anaharibu jina lake kwenye hesabu ya madeni, ile alama ambayo mwenye nyumba na muuza gari wanaiangalia kabla ya kumkubali mtu. Huku jina baya linajulikana kwenye avenyu. Huko linaandikwa kwenye kompyuta na linamfuata mtu kila fasi anapohamia.

Na nyumba haina huruma. Bukavu ao Goma mpangaji anatoa garanti ya miezi kadhaa, na akichelewa, mara nyingi anaweza kuongea na mwenye nyumba, kuleta mzee wa kumwombea, kusogeza mbele. Katika Utah, mpangaji asiyelipa anaweza kupewa karatasi ya siku tatu za kazi: lipa ao toka. Asipofanya moja kati ya hizo, kesi inaenda tribinali, na huko mambo yanakwenda haraka. Kwa hiyo mtu anapochagua kati ya mchango wa matanga na pesa ya nyumba, hachagui kati ya ndugu na raha yake. Anachagua kama watoto watalala ndani ao nje.

Msaada uko? Uko, lakini mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Mashirika yanayopokea wakimbizi hutafuta nyumba ya kwanza, vyombo, shule na kliniki, na kazi hiyo ya mapokezi imepangwa kwa siku 90. Msaada wa chakula wa serikali ulikuwa unashika familia nyingi za mshahara mdogo. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Julai 2025 ilimwondolea haki ya msaada huo mkimbizi ambaye hajapata bado kadi ya ukaaji wa kudumu, na kadi hiyo huombwa baada ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba mtu anabanwa zaidi katika wakati ule ambao hana kitu. Tena tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma pesa ngambo kwa kulipa keshi anakatwa asilimia moja; anayetuma kutoka akaunti yake ya benki hakatwi. Heri kumwambia ndugu jambo hilo, huenda hajalisikia.

Kwa watoto, mambo yanaenda mbio. Shule ya serikali ni ya bure, hakuna minervali wala prime ya mwalimu, na basi la manjano linabeba wanaokaa mbali. Mwaka mmoja unatosha mtoto aanze kumtafsiria mama yake barua za mwenye nyumba. Hapo heshima ya nyumba inapinduka kidogo: mtoto wa miaka 11 anajua deni la familia kabla ya baba. Kuhusu kuwaacha peke yao, mwaka 2018 Utah ilikuwa jimbo la kwanza kuandika katika sheria kwamba mtoto aliye na akili ya kutosha kutembea mwenyewe kwenda shule ao kucheza nje si mtoto aliyetupwa. Lakini sheria haikutaja umri, na kila mtu katika jimbo hilo analazimishwa kutoa habari akihisi mtoto anateswa. Fimbo ambayo huku ni ya malezi, huko inaweza kuleta polisi mlangoni.

Hali ya hewa haifanani na yetu, hata kama mji uko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,300, chini kidogo tu ya Goma. Milima inazunguka bonde. Wakati wa baridi, hewa baridi inatulia chini na hewa yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa magari na wa viwanda unakosa pa kutokea, na siku kadhaa mji unafunikwa na ukungu mchafu. Mwenye asma anajua siku hizo. Ziwa liko karibu, lakini halina sambaza wala ndagala: chumvi yake inapita ya bahari mara nyingi, na samaki hawezi kuishi. Tena linapungua, kwa sababu mashamba na miji inachota mito inayolijaza; mwezi wa Novemba 2022 lilishuka kuliko wakati wowote uliopimwa. Msomaji wa Kolwezi atafurahi kujua kwamba upande wa milima ya kusini-magharibi kuna shimo la shaba la Bingham Canyon, linalochimbwa wazi tangu mwaka 1906.

Wanaouliza kama njia ya kumfuata ndugu bado iko wazi wasikilize vizuri. Kwa miaka mingi Wakongomani walikuwa kati ya wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake walipita 16,000. Januari 2025 mpango huo ulisimamishwa kwa amri ya rais, na kwa mwaka wa bajeti wa 2026 nafasi zote za dunia nzima ziliwekwa 7,500, nyingi zikitengwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Kuna familia kambini zilizokuwa zimekwisha kupimwa na kuulizwa maswali yote. Anayepita sasa na kuomba pesa ili “akusukumie dosye” ya Utah, anauza upepo.

Na kabla ya kupiga simu, saa ziangaliwe. Kivu iko mbele ya Utah kwa saa tisa wakati wa baridi yao, na saa nane kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba. Simu ya saa mbili ya asubuhi kutoka Uvira inamkuta huko karibu usiku wa manane: amelala, ao yuko depo na simu yake imefungiwa kwenye kabati mpaka kazi iishe. Sauti ya WhatsApp ataisikiliza ndani ya gari, akirudi.