Mtoto akiuliza Yesu anarudi lini

Kunduchi, kama kwingine Dar es Salaam, mahubiri ya siku za mwisho huwafikia watoto kupitia spika za mikutano ya injili na simu za wazazi. Mtoto akilala na hofu ya kuachwa, asikemewe. Aelezwe kuwa, kwa mujibu wa Mathayo 24, Yesu alifundisha kwamba siku hiyo anaijua Baba peke yake. Anayetaja tarehe asiaminiwe.

Gharama yake inajulikana. Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliosubiri mwisho wa dunia waliteketea kwa moto. Shakahola, Kilifi, tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi. Inadaiwa waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka.

Mzazi aangalie dalili mapema: kuachisha watoto shule, kukataa hospitali, kutengwa na ndugu. Hata Wathesalonike walioishi kwa matarajio hayo, Paulo aliwaagiza wafanye kazi na kula jasho lao.

Kwa mtoto jibu ni fupi: tunamsubiri kwa sala, na kesho asubuhi ni shule.