Nakala za akiba zisimtegemee karani

Katika ofisi nyingi za mjini nakala ya akiba ni flashi moja, nayo hukaa kwenye droo ya meza ile ile iliyobeba kompyuta. Mwizi akivunja dirisha, vyote viwili vinakwenda. Na flashi yenyewe mara ya mwisho ilichomekwa lini? Karani mwenye hesabu za siku nzima kichwani hawezi kukumbuka kila jioni, wala simlaumu. Kazi hii ifanywe na kompyuta yenyewe, na nakala ikae mbali, kwenye seva ya mji mwingine.

Wengi huniuliza: je, bando halitakwisha? Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, walitoa programu iitwayo rsync. Faili ambalo ukubwa wake na saa yake havikubadilika huachwa. Kwa lililobadilika, seva huikata nakala yake ya zamani vipande vipande, ikakokotoa namba ya kila kipande na kuzituma namba hizo kwenye kompyuta yako. Kompyuta huzilinganisha na faili jipya, kisha husafirisha yale tu ambayo seva haina. Siku ya kwanza mzigo ni mkubwa kweli. Baada ya hapo huwa mdogo mno.

Kwenye Linux saa hupangwa kwa cron. Mimi napendelea saa saba na nusu mchana, wakati wa chakula, kwani usiku watu huzima kompyuta, na cron ikikuta imezimwa haiifidii kazi iliyopita. Tena msiifanye seva kuwa kioo cha kompyuta: mtakachofuta kwa bahati mbaya huku kitafutika na kule. Kila siku iwe na folda yake. Rsync inaweza kuziunganisha folda hizo hivi kwamba faili lisilobadilika halichukui nafasi mara ya pili.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watunga programu, alifuta data za wateja akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipozitafuta nakala za kila siku, hazikuwapo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yao, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Yaliyoingizwa katika saa hizo sita yalipotea.

Wale walikuwa wataalamu. Basi na wewe, kila mwisho wa mwezi, vuta faili moja kutoka kwenye seva, lifungue kwenye kompyuta nyingine, ulinganishe tarakimu zake na risiti za siku hiyo.