Staring Mwenye Alikuwa Jambazi

Kama ulikulia ocha hizi zetu za Bomet, muvi ulizijulia kwa kibanda: benchi ya mbao, TV ndogo, na DJ Afro akitafsiri vile Mchina anarushwa nje ya dirisha. Sheria zilikuwa rahisi. Staring hafi, jambazi lazima achapwe, na ikiisha hakuna msee anaulizanga mathe ya yule jambazi atazika aje. Unatoka hapo ukirushia hewa mateke mpaka home. Sina noma na DJ Afro, huyo bazenga ametulea.

Lakini iko muvi moja ya hapa Kenya yenye ingechanganya hiyo benchi yote. Inaitwa Something Necessary, ilitoka 2013, director ni Judy Kibinge. Iko na mastaring wawili. Wa kwanza ni Anne, Susan Wanjiru ndiye ameigiza. Ghasia za baada ya kura ya 2007 zimemuulia bwana, zikaumiza mtoi wake vibaya, na keja yake huko shambani imebaki magofu. Wa pili ni Joseph, kijana wa mbogi, ameigizwa na Walter Lagat. Joseph alikuwa ndani ya hizo ghasia, na yeye ndiye alikuwa anafukuza wasee. Sasa haezi lala. Kuna kitu inamvuta mpaka kwa shamba ya Anne, na hata yeye mwenyewe hajui akifika ataomba nini.

Cheki vile hiyo story iko karibu na sisi. Hapa Longisa hatuna ukumbi wa sinema. Tuko na barabara ya kutoka Narok kuingia Bomet, hospitali kubwa ya kaunti, stage ya nduthi, mahindi na ng'ombe. Majani chai ukitaka unapanda juu, upande wa Kapkoros. Morio mwenye anakubeba na nduthi leo, 2008 alikuwa mtoi wa nasari, ama hata hakuwa amezaliwa. Lakini wenye walikuwa na hiyo miaka yake saa hizo, sai ni mabuda. Wako na familia, wako na ploti, wengine wanaketi mbele kanisani. Ule mwaka ukitajwa, story inahamishwa haraka kwa bei ya maziwa.

Sisemi Longisa ndiyo ilikuwa na makosa kuliko wengine. Tume ya Waki, yenye ilichunguza hizo ghasia, ilihesabu wasee 1,133 waliokufa nchi nzima, na Bonde la Ufa ndilo liliumia zaidi. Huko Kericho, wafanyakazi wa mashamba ya chai walivamiwa mpaka kwa nyumba za kampuni. Baadhi yao walipeleka Unilever, wenye mashamba wakati huo, kortini London, na 2018 korti ya rufaa ya huko ikawakatalia. Hapa home, tarehe 26 Machi 2015, Uhuru Kenyatta alisimama Bunge akaomba msamaha kwa niaba ya serikali, akataja fandi ya bilioni 10 ya kufidia wahanga. Hizo ni njia za juu: majaji, marais, mabilioni. Joseph hana hata moja ya hizo. Yeye ako na mikono tu, na uso wa mwanamke mwenye anamjua ni nani ama hamjui, na hiyo "ama" ndiyo inakushika roho muvi nzima.

Kitu imenibamba sana ni vile Kibinge anaonyesha mbogi. Kuingia ni bure. Hakuna msee anakuuliza karatasi, hakuna intaviu, ni kukaa base, kuvuta moja, kucheka pamoja. Kutoka ndiyo iko na bei. Ukianza kuhepa wanajua, na wenye mlikula nao wanakuwa ndio wa kuogopwa. Kama ushawahi jaribu kuacha chang'aa na mabeshte wenu wote wako hapo kwa mama pima, unajua naongelea nini. Wasee hawakukasirikii juu umebadilika. Wanakasirika juu ukibadilika unawaacha na maswali yao.

Na hapo ndiyo muvi nyingi za aina hii huwanga zinatudanganya. Msee analia, mvua inanyesha, wimbo unaingia, kesho yake amekuwa mtu mpya na kila mtu anampigia makofi. Hata kanisani tuko na hiyo tabia. Msee anasimama Jumapili, anatoa ushuhuda, anashangiliwa, na Jumatatu anataka mwenye alimuibia ng'ombe amsalimie kama kawa. Wazee wetu hawakuwa na hiyo haraka. Kokwet, baraza la wazee wa kijiji, ikikaa, mwenye alikosewa anaongea mpaka amalize, deni inatajwa kwa jina, na kama ni ng'ombe inarudishwa ng'ombe. Machozi yako ni yako. Muvi ya Kibinge iko hivyo. Anne hana deni ya kumsamehe Joseph. Ako na mtoi mgonjwa na nyumba ya kujenga upya, na majuto ya kijana wa wenyewe si kazi yake.

Sasa mbona hujawahi isikia? Mwaka mmoja kabla, 2012, watu hao hao wenye walitengeneza hii muvi, One Fine Day Films, kampuni ya yule director Mjerumani Tom Tykwer, walikuwa wametoa Nairobi Half Life. Hiyo kila mtu anaijua. Staring wake, Mwas, anatoka ocha na ndoto ya kuigiza, anaingia Kanairo, anaibiwa, anaishia kwa gengi, na bado anafika jukwaani. Kenya ikaipeleka kushindania Oscar. Ni muvi kali, siwezi danganya. Lakini Mwas ako na mdomo, ako na vichekesho, na jukwaa lina watazamaji wa kumpigia makofi. Joseph hana maneno. Anakuja, anasimama mbali, anaangalia. Hiyo haiwezi kuwa video ya sekunde 30 ya TikTok.

Muvi yenyewe haikosi makosa. Iko polepole, na mahali pengine inakwama. Mimi naona Joseph angeongezewa muda. Anne tunamjua mpaka ndani, lakini Joseph unabaki ukikisia. Kwa msee kama mimi, mwenye anataka kujua kijana wa kawaida hufikaje hapo, hiyo ni pengo. Bado, ni director wachache walithubutu kuweka mtu wa panga mbele ya kamera na kumwita mtu. Kibinge alitoka kwa dunia ya matangazo, 2002 akatoa Dangerous Affair ya mapenzi ya wadosi wa Nai, na 2015 akatoa Scarred, dokumentari ya mauaji ya Wagalla ya 1984. Huyo mathe vidonda vya nchi havimtishi.

Msee wangu wa Longisa, nikuombe kitu moja. Kuna kanisa hapo karibu na wewe lenye liko na projekta, na kuna mwalimu mwenye ako na laptop. Tafuteni hii muvi kwa njia halali. Iteni wasee wa stage, iteni na mabuda wenye 2008 walikuwa na nguvu. Ikiisha msikimbilie nyumbani, bakini mkiongea, hata kama mwanzo ni kimya. Vijana waulize, na wazee wasihamishe story. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Iwekeni kabla ya hapo.