Sokotra: buibui anazaliana, mti hauna watoto

Sokotra ni kisiwa cha Yemen, lakini kiko karibu zaidi na Pembe ya Afrika kuliko Bara Arabu. Ndani yake mna viumbe wasiopatikana porini popote pengine duniani. Leo nawataja wawili: mti ambao Waarabu huuita dam al-akhawayn, yaani damu ya ndugu wawili, na tarantula wa buluu.

Wote wawili wanahusishwa na Isaac Bayley Balfour, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland aliyefika kisiwani 1880. Yeye ndiye aliyeupa mti jina la kisayansi mwaka 1882, na buibui yule akapewa jina lake Balfour mwaka 1897.

Nianze na buibui (wa kutambaa, si la kuvaa). Miguu yake ni ya buluu, naye hukaa mashimoni na chini ya mawe. Tarantula wengi ukiwaweka pamoja hulana. Huyu huvumiliana na wenzake. Kwa hiyo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanampenda, wanamzalisha ndani ya masanduku ya vioo.

Mti wenyewe hauna njia hiyo ya mkato. Una umbo la mwavuli uliopinduliwa na upepo, na umbo hilo lina kazi: majani yaliyosongamana juu hunasa ukungu, maji yakatiririka hadi mizizini, na kivuli kikazuia ardhi kukauka. Ukiuchanja, hutoa utomvu mwekundu, dawa na rangi tangu enzi za kale. Lakini hukua polepole mno, na mche ukichipua tu, mbuzi ameshaufikia. Iliyosalimika ni ile iliyoota kwenye majabali. Mwaka 2015 vimbunga viwili, Chapala na Megh, vilipiga kisiwa ndani ya wiki moja, vikaangusha miti mingi mikongwe. Sasa misitu mingi ya mti huo ni kama mtaa wa wazee watupu.

Wako wanaosema mbuzi waondolewe. Rahisi kusema ukiwa mbali. Mbuzi ndiye riziki ya mchungaji wa Sokotra. Kinachowezekana ni kuzungushia miche ua kwa miaka mingi, na kazi hiyo ina gharama. Wageni wanaolipa nauli kwenda kupiga picha chini ya mwavuli ule ndio wa kwanza wanaostahili kuchangishwa.