"Wifi, Nataka Kuwa Kama Wewe"

Ilikuwa Jumapili mchana, tumemaliza pilau, mume wangu yuko na rimoti anatafuta mpira. Wifi yangu, ambaye yuko mwaka wa pili wa shahada ya fizikia na hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa Dar, akalipua bomu: anataka kuhama kozi. Aende wapi? Mawasiliano ya umma. "Nataka kuwa kama wewe, wifi," akaniambia, glasi ya juisi mkononi.

Nikacheka. Nani hapendi kusifiwa? Kisha macho yangu yakakutana na ya mume wangu, nikajua usiku huo hakuna kulala mapema.

Na kweli, chumbani maneno yakawa mengi. Yeye ni mhandisi wa umeme, na kwa maoni yake mdogo wake amepotoshwa. Na nani? Na mimi. "Mtoto kapata Wani ya PCM, wewe unamwonyesha kazi yenu ni raha tupu!" Sikuwahi kumwambia hivyo. Ila tuseme ukweli: kila nikirudi nyumbani na zawadi za uzinduzi wa manukato na picha za safari ya Zanzibar, nilikuwa namwambia nini?

Kesho yake nikamtoa wifi tukanywe chai, wawili tu. Nilitegemea kusikia habari za sapu, maana muhula uliopita alishikwa na somo moja. Kumbe wavulana watano wa darasa lake wamekula sapu hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja anayefikiria kuhama. Kilichomuumiza ni siku aliponyoosha mkono kuuliza swali, mhadhiri akamuuliza kama alikuwa saluni wakati wenzake wanasoma. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo anakaa viti vya nyuma, anasubiri desa. Halafu yupo mshkaji wake anayemtania kwamba wanawake wa fizikia hawaolewi. Na wapo wajomba, kila Krismasi: "Sasa ukimaliza, si utaishia kushika chaki?"

Hebu angalia, mpenzi msomaji. Katika yote hayo, hakuna hata moja linalohusu hesabu yenyewe.

Nikamkumbusha habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Wenzake walisubiri maziwa yapoe kwanza; yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akayaweka ya moto. Yake yakaganda mapema. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba tu, si ya ulimwengu. Wenzake wakalifanya utani wa kudumu. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akanyoosha mkono tena, wenzake wakacheka tena. Osborne akaahidi kwenda kujaribu. Alijaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo, lakini dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Mwenyewe hakuja kuwa mwanafizikia. Alisomea wanyamapori Mweka na kufanya kazi katika fani hiyo. Sitasema kicheko ndicho kilichomtoa, maisha ya mtu yana mengi. Najiuliza tu ingekuwaje kama Osborne asingefika Iringa.

Mwaka 2010 wachumi wa Marekani walitoa utafiti uliofanywa katika chuo cha jeshi la anga kule Colorado, ambako wanafunzi hawachagui mhadhiri, wanapangiwa. Wasichana waliopangiwa wanawake kwenye masomo ya mwanzo ya hisabati na sayansi walifanya vizuri zaidi, na hasa wale wenye vichwa vikali vya hesabu waliendelea na fani hizo. Kwa wavulana, jinsia ya mhadhiri haikuleta tofauti kubwa.

"Mwalimu wa kike wa hesabu?" wifi akaniuliza. "Wa mwisho nilimwona darasa la sita." Hakuwahi kusikia jina la Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati, aliyefundisha miaka mingi Mlimani. Msimcheke. Mhariri wenu naye hakuwahi kulisikia mpaka alipoanza kuandika makala hii.

Hela nayo ina nafasi yake, sikatai. Tangu 2022 kuna Samia Scholarship kwa waliong'ara kidato cha sita kwenye sayansi, na wapo waliovutwa na hiyo. Lakini mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, 2023 na 2024, waliofaulu walikuwa kama robo tu. Wengi wanaachana na somo mapema mno, kabla hata ya kufikiria bumu.

Na wanaachana nalo wapi? Wengine mezani kwangu. Binti yetu wa darasa la nne akileta daftari, jibu langu ni lile lile: "Mimi na hesabu tuliachana kidato cha pili, mpelekee baba." Nasema kwa kujisifu kabisa! Mkataba wa mkopo wa gari nilisaini bila kupiga riba, nikamwachia mwenzangu. Wifi anaishi nasi, anasikia yote. Nilipomwambia mume wangu kwamba kuhusu mimi alikuwa na haki kidogo, hakujibu. Alitabasamu tu, jambo lililoniudhi zaidi.

Fomu ya kuhama bado iko juu ya friji, haijajazwa. Sapu ni mwezi wa tisa. Mshkaji sijui kama bado yupo, sijauliza. Juzi binti alikuja na daftari, sehemu, maswali matano. Nikamwambia, "Lete." Tukakosa mawili. Wifi alikuwa mlangoni anatuangalia, akavuta kiti.