Bagia za Kunde

Jioni ukipita Tandika, Mbagala au Tandale, utaona akina mama wakikaanga bagia. Wengine huuza. Wengine huwapikia watoto wao. Bagia nzuri haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uvumilivu.

Kunde ni zao la asili la Afrika. Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini, nayo hujenga mwili wa mtoto. Wahausa wa Nijeria nao hukaanga kunde kama sisi. Bagia zao huitwa kosai. Tena wana danwake, yaani matonge madogo ya unga wa kunde yanayochemshwa.

Vitu vinavyotakiwa
Kunde kavu vikombe 2
Kitunguu maji 1
Kitunguu saumu punje 3
Pilipili 1
Chumvi kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kukaangia

Namna ya kutengeneza
1. Chagua kunde. Toa mawe na zilizobunguliwa.
2. Ziloweke usiku kucha.
3. Asubuhi zifikiche kwa mikono. Maganda yataelea. Yamwage pamoja na maji. Rudia mpaka kunde ziwe nyeupe.
4. Saga kwa mashine au jiwe, au twanga kwenye kinu. Tia maji kidogo sana. Rojo liwe zito.
5. Piga rojo kwa mwiko mpaka liwe jepesi. Dondosha kidogo kwenye kikombe cha maji. Likizama, endelea kupiga. Likielea, liko tayari.
6. Tia vitunguu na pilipili vilivyokatwa, kisha chumvi.
7. Pasha mafuta kwenye karai. Chota rojo kwa kijiko, tumbukiza polepole. Geuza mpaka pande zote ziwe za kahawia.

Usifanye haraka
Mafuta yakitoa moshi, yamepata moto kupita kiasi. Bagia itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Kunde mbichi huumiza tumbo. Pasua bagia ya kwanza uitazame kabla ya kuwapa watoto.

Usiweke jiko njiani wanapopita watoto. Mafuta yakishika moto, usimwage maji, kwani moto utaruka. Funika karai kwa mfuniko, kisha ondoa mkaa. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha umpeleke zahanati. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

Kama unauza, andika kila siku katika daftari: fedha za kunde, mafuta na mkaa, na fedha ulizopata. Bila kuandika, unaweza kula mtaji wako huku ukidhani unakula faida.

Maswali
1. Kwa nini tunapasua bagia ya kwanza?
2. Utajuaje kwamba rojo limepigwa vya kutosha?
3. Mafuta yakishika moto, utafanya nini?
4. Andika gharama za bagia zako za siku moja. Je, umepata faida?