Wazazi Walioachana na Mtoto Aliyefanywa Mjumbe

Uhusiano wa wazazi walioachana haubaki kama ulivyokuwa siku ya talaka, bali hubadilika kadiri miaka inavyopita, ingawa mabadiliko hayo si lazima yaelekee kwenye maelewano. Eleanor Maccoby na Robert Mnookin, waliofuatilia familia zaidi ya 1,100 huko California, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992, waliona kwamba ugomvi ulipungua kadiri muda ulivyosonga, lakini mara nyingi ulipungua kwa sababu wazazi walikuwa wameacha kuzungumza. Hali hiyo ndiyo inayoweza kuitwa malezi sambamba, yaani kila mzazi humlea mtoto kwa utaratibu wake anapokuwa naye, pasipo kushauriana na mwenzake.

Huko Kavumu, katika eneo la Kabare, umbali wa kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukimya wa namna hiyo una sababu zake. Kwa desturi ya Washi, wenyeji wa eneo hilo, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ndoa husimama juu ya mahari, ambayo wenyeji huiita mali, inayotolewa kwa ng'ombe au mbuzi na kujadiliwa na wazee wa pande mbili. Ndoa inapovunjika, mke hurudi kwa wazazi wake, na mara nyingi mazungumzo yanayobaki kati ya koo hizo ni ya kurudisha mifugo. Hayo nayo yakishindikana, wakwe wa jana huanza kupishana njiani bila hata salamu.

Sheria ya nchi inatazama jambo hili kwa namna nyingine. Kanuni ya Familia, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka talaka itamkwe na mahakama, nayo humkabidhi mtoto kwa kuzingatia kwanza faida yake. Hata hivyo baba na mama, yeyote kati yao aliyekabidhiwa mtoto, wote hubaki na haki ya kufuatilia malezi yake na wajibu wa kuyagharamia kulingana na uwezo wao. Lakini wanandoa walioishi pamoja bila kuandikisha ndoa, nao si wachache, huachana pia bila kufika mbele ya hakimu, hivyo hakuna karatasi yoyote inayosema nani atalipa nini.

Hapo ndipo mtoto anapogeuzwa mjumbe. Shule ya msingi ya serikali imekuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inadai minervali, ambayo ni karo, na mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani hutumwa na mama yake kwa maneno machache: “Mwambie baba yako minervali haijalipwa.” Baba, akiyasikia maneno hayo kama lawama, hujibu kwa ukali, na mtoto hulazimika kuchagua ni kipi atakachokifikisha na ni kipi atakachokimeza. Huo ni mzigo mzito kupita umri wake, na hakuna mzazi mwenye haki ya kumtwisha, hata kama madai yenyewe ni ya kweli kabisa.

Malezi sambamba si mabaya kwa kila hali, kwani kwa wazazi wasioweza kukutana bila kutukanana, na zaidi pale palipokuwa na kipigo, umbali ni kinga. Kinachohitajika hapo ni mtu mzima wa kupitishia habari za shule, ugonjwa na gharama. Haja hiyo ilizidi baada ya Februari 2025, vita vya waasi wa M23 vilipofika uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu, na kuzitawanya familia. Kwa hiyo wazee waliokaa kupanga mali wasijione wamemaliza kazi yao mifugo inaporudishwa: siku hiyohiyo wateue shangazi mmoja upande wa baba na mjomba mmoja upande wa mama, ili neno la minervali lipite kwao, mtoto aende shule.